Insha Isiyozidi Maneno 250

Wahenga walinena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Mwanafunzi wa Kenya huikariri methali hii mapema, kisha katika mtihani wa KCSE huagizwa kuwa insha yake isipungue maneno 400. Aghalabu hujizoesha kujaza. Anapoomba nafasi katika vyuo vya Marekani, amri hugeuka. Insha kuu ya Common Application haizidi maneno 650. Maelezo ya kila shughuli aliyoshiriki hayazidi herufi 150, nafasi zikihesabiwa. Nazo insha za ziada za vyuo vingi humpa maneno 250 au pungufu.

Kijana mmoja, mtoto wa mama mwenye duka dogo kijijini, aliketi mbele ya kompyuta ya kukodi siku ya mwisho ya kutuma maombi. Rasimu yake ilikuwa na maneno 611. Ilianza kwa jua kuchomoza na ndege kuimba, ikapitia paa linalovuja, ikatamatika kwa ahadi ya kulijenga taifa. Alilifuta jua. Akawafuta ndege. Ahadi nayo ikaenda, maadamu kila mwombaji angeweza kuitoa. Paa lilimtatiza zaidi, kwani lilikuwa la kweli na huenda lingemvutia huruma. Hata hivyo, paa lilieleza hali yake tu, halikumweleza yeye.

Ikasalia aya aliyoiona duni: daftari la madeni. Tangu darasa la tano alikuwa akimwandikia mamake, asiyejua kusoma, nani amekopa nini. Jioni moja mama alimwamuru alifute jina la jirani aliyefiwa, aache tu "sukari, robo kilo". Deni lingekumbukwa na wawili hao. Aibu isingesomwa na mtu wa tatu. Hapo ndipo kijana alipotambua kwamba kuandika ni kuchagua pia la kutoandika.

Aliipanua aya hiyo hadi maneno 248, akaituma.

Wapenzi wa Kiswahili wasilione hili kuwa geni. Mtunzi wa shairi la arudhi aghalabu hubanwa na mizani 16 katika kila mshororo, na hakuna amwonaye kuwa amenyimwa usemi. Mpaka humlazimu tu aulize mapema: lipi hasa ni langu?