Kabla Pampu Haijanyamaza

Leo nataka tuzungumze juu ya pampu ya maji. Najua kuna watakaosema pasta ameishiwa na ujumbe. Nivumilieni kidogo.

Mimi ni mtoto wa Makueni, ninahudumu ng'ambo ya Mto Athi upande wa Kitui, na nimesimama katika ibada nyingi za kuweka wakfu visima. Mnajua zinavyokuwa. Hema, viti vya plastiki, kwaya na sare zao, mheshimiwa anakata utepe, maji yanaruka, akina mama wanapiga vigelegele. Pale kwenye saruji jina la aliyetoa pesa limeandikwa kwa herufi kubwa. Nimeomba katika sherehe hizo na niliomba kwa moyo wangu wote. Lakini tangu niokoke sijawahi kualikwa kuja kuombea mpira wa kubadilisha kwenye pampu.

Ni kuhusu huo mpira ninaandika.

Pampu nyingi za mkono huku kwetu ni zile ziitwazo Afridev. Zilibuniwa miaka ya 1980, na sehemu ya majaribio yake ilifanyika hapa hapa Kenya, kule Kwale. Waliozibuni walikuwa na kusudi moja: mwanakijiji aweze kuitengeneza mwenyewe, asingoje gari la serikali. Spana moja inafungua karibu kila kitu. Bomba lililoshuka kisimani ni pana, kwa hiyo unavuta vyuma na pistoni hadi juu bila kung'oa bomba lenyewe. Kule Kwale akina mama walifundishwa kazi hiyo, wakaifanya. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba pampu ni mambo ya mainjinia.

Fundi wetu ni kijana anayekuja kwa bodaboda, mfuko wa vifaa begani. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza pampu jinsi daktari anavyosikiliza kifua. Ukifika asubuhi ukapiga mpini mara kumi, kumi na tano, kabla maji hayajaonekana, ujue vali ya chini inavuja na usiku maji yameteremka yakarudi kisimani. Ukipiga kwa nguvu zako zote na maji yanatoka membamba, mpira wa pistoni umelika. Mpini ukilia na kuyumba kando, bushi zimekwisha, na ukiuacha hivyo chuma kinaanza kusaga chuma na bei ya matengenezo inakuwa nyingine kabisa. Lakini mpini ukiwa mwepesi ghafla kama haubebi kitu, basi kuna chuma kimekatika ama kimeachana na mwenzake huko chini. Hapo umechelewa kusikiliza. Na mjue maji yetu mengi yana chumvi, na chumvi haimwonei chuma huruma.

Ona basi, mpendwa: pampu haifi ghafla. Inasema wiki nyingi kabla, na inasema mbele ya watu wote waliopanga mitungi.

Kuna kijiji, sitakitaja, ambacho pampu yao ilinyamaza mwezi wa Septemba. Nyinyi mnaoishi huku mnaijua Septemba. Mvua tunayoitegemea ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na kabla haijaja hakuna tone juu ya ardhi. Akina mama walirudi kufukua mchanga wa mto, wakipanga foleni kuanzia saa tisa usiku ili kisima cha mchanga kipate kujaa tena. Msichana mmoja wa shule yetu ya Jumapili alikosa masomo siku tisa, kwa sababu mama yake alikuwa na mimba kubwa na punda ni mmoja. Wenye pikipiki walileta mitungi na kuuza kwa bei waliyotaka. Pesa ambazo zingenunua unga zilikunywa maji.

Fundi alipopatikana, kazi ilimalizika kabla ya saa sita mchana. Kilichokuwa kimeharibika ni mpira na vali. Bei ya ule mpira haifiki bei ya jogoo. Kamati ilikuwepo, mwenyekiti alikuwepo, hata muhuri ulikuwepo. Pesa ndizo hazikuwepo. Zilinunua soda na mbuzi wa wageni siku ya kufungua kisima.

Sasa sikilizeni habari ya Kyuso, hapa hapa Kitui kaskazini. Kuanzia mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kifaa kidogo ndani ya mipini ya pampu, kinachohesabu mipigo na kutuma habari kwa mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza, mafundi wanajua bila mtu kupiga ripoti. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Baada ya hapo, chini ya siku 3. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya FundiFix, ambayo jamii zinalipa kidogo kidogo kila mwezi na fundi anakuja. Visima ni vile vile, pampu ni zile zile. Kilichoongezeka ni mtu ambaye kazi yake ni kuja, na pesa zinazomngoja akija.

Na hili si jambo geni katika Neno. Someni 2 Wafalme sura ya 12. Mfalme Yoashi aliagiza nyumba ya Bwana itengenezwe palipobomoka, lakini hadi mwaka wa 23 wa kutawala kwake makuhani walikuwa hawajatengeneza. Miaka 23, na sadaka zilikuwa zinaingia! Ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Likijaa, karani wa mfalme na kuhani mkuu wanahesabu pamoja, halafu pesa zinakwenda kwa wasimamizi wa kazi, nao wanawalipa maseremala na waashi. Na Biblia inaona ni muhimu kutueleza kwamba pesa hizo hazikutengeneza vyombo vya fedha. Nikipita hapo huwa natabasamu. Sisi tungeanza na vyombo, na labda sare za kamati.

Wengine mtaniambia: pasta, maji ni ya Mungu, hayauzwi. Mvua ni ya Mungu, nakubali, na maji yaliyo chini ya mwamba ni yake. Ila mpira unauzwa dukani Mwingi, na mwenye duka anataka shilingi. Mjane asiye na kitu achote bure, na nitabishana na yeyote atakayemfukuza kwenye foleni. Lakini mimi na wewe tunaonunua bando kila siku hatuna la kujitetea.

Kwetu tumekubaliana hivi. Kila boma linatoa shilingi 100 kwa mwezi. Pesa zinakaa kwenye laini moja ya M-Pesa: mmoja ameshika simu, mwingine ndiye anayejua namba ya siri, na hao wawili si jamaa. Salio linasomwa kanisani Jumapili ya kwanza, pamoja na matangazo. Mpira na vali moja ya akiba viko ndani ya kabati la ofisi, tayari vimenunuliwa. Wazee walicheka kidogo tulipovinunua kabla ya kitu kuharibika.

Tangu wiki jana pampu yetu inataka kupigwa mara kumi na mbili asubuhi kabla ya kutoa maji. Kwa hiyo tunaifungua Jumamosi hii saa mbili asubuhi. Choteni maji ya kutosha Ijumaa jioni. Naomba vijana wanne na turubai safi, maana vyuma havilazwi kwenye vumbi. Mama wa kwaya aliyefunzwa na fundi ndiye atakayeongoza, mimi nitapokea vyuma vikitoka. Tukimaliza tutatia klorini kisimani, kwa hiyo maji yasinywewe mpaka tutangaze. Aliyeazima spana mwezi uliopita, tafadhali aje nayo.