Saa ya Kusoma Katikati ya Zamu

Nilipotoka Katogota kwenda Bukavu kuanza uasistenti (mafunzo ya ubingwa) wa magonjwa ya watoto, nilibeba kitabu kinene cha Kifaransa nikiamini jioni zitakuwa zangu. Nyumbani nilisoma hivyo tangu utoto: sahani zimeoshwa, koroboi iko mezani, mama anawanyamazisha wadogo wangu.

Zamu hazikuniachia jioni. Asubuhi ni kikao cha staff, kisha kuzungukia wodi, mchana wagonjwa wapya, usiku zamu, na kukicha unaanza tena. Watoto wenye malaria kali hufika usiku, wengine wakiwa wameshaanza degedege, na mama hawezi kuambiwa asubiri daktari amalize ukurasa. Nikirudi chumbani nilifungua kitabu, macho yakajifumba. Sisi waasistenti tulikuwa tunaitana wavivu. Neno hilo nalikataa hadi leo, maana mtu aliyekesha na wagonjwa hana deni la usingizi kwa kitabu chochote.

Simu zilisaidia. Mwongozo wa tiba wa MSF ukaingia mfukoni. Majarida tuliyapata kupitia Hinari, mpango ambao Shirika la Afya Duniani lilianzisha Januari 2002 kwa ajili ya nchi zenye kipato kidogo. Aliyekuwa na mega za intaneti alipakua, wengine tukarushiana kwa Bluetooth. Maandishi yakawa mengi kuliko muda.

Muda wenyewe tulipewa na mkuu wa wauguzi wa usiku, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Usiku mmoja alituita mimi na mwenzangu.

“Dokta, saa nne mpaka saa tano mmoja wenu atasoma, mwingine atashika wodi. Hali ikiwa mbaya nitamwita. Lakini asubuhi atuambie alichosoma, na sisi wauguzi tusikie.”

Sharti hilo la mwisho lilinibadilisha. Niliacha kusoma sura nzima kwa ajili ya mtihani, nikaanza kusoma habari za mtoto aliyelala mbele yangu. Kwa malaria kali tulikuwa tumeshahama kutoka dawa ya kwinini kwenda atesuneti, na nilitaka kujua sababu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kongo yetu ikiwemo, ulionyesha kuwa waliotibiwa kwa kwinini walikufa asilimia 10.9, na wa atesuneti asilimia 8.5. Nikaendelea hadi mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015: mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo, si 2.4 tena, kwa sababu kwa kipimo cha zamani dawa inayobaki katika damu yake ni pungufu kuliko ya mtu mzima.

Karatasi iliyobandikwa juu ya meza ya dawa ilikuwa bado na kipimo cha zamani. Asubuhi nilieleza kwenye staff, tukapiga hesabu pamoja: mtoto wa kilo 10, anayechomwa kwenye mshipa, anatoka mililita 2.4 kwenda mililita 3. Mama yule alichukua kalamu nyekundu akasahihisha palepale, kabla sijaketi.

Sasa nafanya kazi huku bondeni kwetu, na ratiba ya zamu naipanga mimi. Saa ya kusoma imeandikwa humo pamoja na jina la anayeshika wodi, kwa kuwa bila huyo wa pili hakuna anayesoma. Naona kila hospitali inayofundisha madaktari ingepaswa kufanya hivyo, badala ya kuwaambia vijana wajitahidi.

Mwaka 2024 mpox ilipoenea Uvira na kushika watoto wengi, kitabu changu kinene hakikuwa na lolote kuhusu mlipuko huo ulioanzia Kamituga mwaka 2023. Aliyetusomea ni daktari kijana. Muuguzi mmoja akamuuliza kama mama mwenye vidonda aendelee kunyonyesha. Kijana akasema bado hajafika hapo, akaomba saa nne ya usiku ule pia iwe yake.