Ukifika Kibokoni kwa pikipiki, pima kioo kabla ya kununua

Msomaji, ikiwa umeteremka Mombasa kutoka Nairobi kwa pikipiki, zile kilomita 480 hivi zimekwisha kukufunza kuwa upepo si mchezo. Malori yaendayo na yatokayo bandarini hurusha kokoto, na kokoto moja yatosha kukitia ufa kioo cha mbele. Usiseme utarudi nacho hivyo hivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni uso wako.

Mahali pazuri pa kulitafakari jambo hilo ni Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale ulio karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Vichochoro vyake havikukatwa kwa ajili ya magari. Zima injini, usukume pikipiki taratibu, upishe wenye mikokoteni. Inua macho uzitazame roshani za mbao juu ya milango ya nakshi. Vibao vyake hukinga jua na macho ya wapita njia, lakini hewa hupita na aliye ndani huiona njia yote. Kioo chako nacho kiwe hivyo: kizuie upepo, kisizuie kuona.

Vipuri utavitafuta madukani mjini, lakini vipimo vichukue hapa, kivulini. Keti juu ya pikipiki kama ukaavyo safarini, mwenzio ashike futi. Ukingo wa juu wa kioo ufike usawa wa pua au mdomo, macho yapite juu yake. Kikiwa kirefu mno, utalazimika kuitazama barabara kupitia plastiki isiyo na waipa. Mvua ikinyesha usiku na taa za lori zikikumulika, hutaona kitu, na wengi hubeba mke au mtoto nyuma. Kikiwa kifupi mno, upepo utakupiga kifuani na kuitikisa helmeti hata shingo iume. Heri kile kinachoweza kupandishwa na kuteremshwa.

Kisha upana. Zungusha usukani kulia mpaka mwisho, halafu kushoto. Kioo kisiguse tangi, mikono wala waya za breki. Ukipuuza hilo, kona ya kwanza ya Kibokoni itakukumbusha.

Uliza pia kimetengenezwa kwa kitu gani. Akriliki hung'aa vizuri na haichubuki upesi, lakini ikipigwa na jiwe hupasuka. Polikaboneti hustahimili mapigo, ila huchubuka kwa urahisi isipokuwa imepakwa ngozi ya kuikinga. Kwa barabara ya malori, chagua polikaboneti. Cheusi kiache, hata kama kinapendeza: jua likizama kitakuwa pazia.

Usisahau chumvi ya bahari, ambayo hula vyuma. Dai skrubu zisizoshika kutu, na kila moja iwe na raba yake. Usizikaze kwa nguvu zote, maana nyufa nyingi huanzia kwenye matundu. Kusafisha, tumia maji mengi, sabuni laini na kitambaa laini. Petroli na dawa za vioo zenye amonia huifanya plastiki iingie ukungu na kupasuka.

Ukishakifunga, usikimbilie Nairobi. Kijaribu kwanza njia ya Malindi, kilomita 120 hivi. Msimu wa kusi, upepo utakusukuma ukienda na kukukabili ukirudi. Wakati wa kaskazi huwa kinyume. Kioo kinachokufaa ukienda huenda kikakusumbua kurudi, basi usihukumu mpaka uonje pande zote mbili. Kikikusumbua, kiteremshe kidogo ujaribu tena. Siku moja zaidi Mombasa si hasara, mahamri na mbaazi zipo. Kawia ufike.