Kiti cha Mtazamaji

Nikirudisha fikra nyuma kufuata jinsi Ubudha ulivyoingia katika tamthilia za majaribio, naona kilichobadilika si hadithi bali mahali anapokaa mtazamaji. Noh, tamthilia ya jadi ya Japani, tangu enzi za mtunzi wake Zeami katika karne ya 15, ilikwisha kuwa na mtawa msafiri, mzimu ulionaswa na machungu yake ya duniani, na sala za kuufungua. Mtazamaji lakini alikaa kando, akiangalia wokovu wa mtu mwingine.

Mwaka 1952, katika chuo cha Black Mountain, North Carolina, mtunzi wa muziki John Cage, aliyehudhuria mihadhara ya D. T. Suzuki kuhusu Ubudha wa Zen, aliuvuruga mpangilio huo kwa onyesho moja. Viti vilipangwa kwa pembetatu nne zilizoelekeana. Cage alisoma akiwa juu ya ngazi, Merce Cunningham akacheza dansi katikati ya watu, picha nyeupe za Robert Rauschenberg zikining'inia juu, na kila msanii akishika muda wake bila kumngoja mwenzake. Wapo wasemao zile zilikuwa fujo za wasomi tu, na kwamba I Ching, aliyoitumia Cage kuachia bahati imwamulie kazi zake, ni kitabu cha ramli cha Wachina wa kale. Kuhusu kitabu, wana haki. Ila fundisho la Kibudha kwamba hakuna nafsi ya kudumu iliyo kitovu cha mambo halipati nguvu kwa kutamkwa jukwaani; pale watu walilikalia.

Mwandishi na mwongozaji wa tamthilia Stan Lai wa Taiwan alikwenda mbali zaidi. Baada ya kuwaona mahujaji wakizunguka stupa, mnara mtakatifu wa Kibudha, huko Bodh Gaya, India, alitunga A Dream Like a Dream, iliyoonyeshwa Taipei mwaka 2000 kwa zaidi ya saa saba. Watazamaji hukaa katikati kwenye viti vya kuzunguka, waigizaji wakiwazingira. Anayeijua tawafu ya kuizunguka Kaaba atauliza mara moja: anayestahili kuzungukwa ni aliyenunua tiketi? Ingekuwa kujikweza kama mtu wa katikati angeona yote. Haoni. Mgonjwa anamsimulia daktari, ndani yake inachomoza hadithi ya mwanamke wa Shanghai ya miaka ya 1930, na kila anapogeuka kuna kinachopita mgongoni.

Pingamizi la fedha lina uzito zaidi, kwani viti hivyo, vinavyoitwa bwawa la mayungiyungi, baadaye vilikuja kuwa ghali kuliko vyote. Fedha huamua nani aketi hapo. Ikifika saa ya tano ya onyesho, kiuno kikiuma na hadithi zimeingiliana, tajiri naye hugeuza kiti kama wenzake, na kinachopita nyuma yake kinampita.