Daftari la baiolojia halivunji haya ya nyumba

Katika vikao vya kamati ya msikiti wetu hapa Korogwe, mambo yanayoletwa kwa kawaida ni maji ya udhu, bati zinazovuja na posho ya ustadhi. Kazi yangu nikiwa katibu ni kuyaandika. Lakini katika kikao kimoja cha hivi karibuni mzee mmoja alileta jambo lisilokuwamo katika ajenda. Binti yake wa kidato cha tatu alirudi nyumbani na kazi ya baiolojia: achore viungo vya uzazi vya mwanamke, kisha aeleze mzunguko wa hedhi. Mzee alitaka kamati imwandikie mkuu wa shule ili mabinti wa Kiislamu wasamehewe kazi za namna hiyo. Alisema nyumba yake ina haya.

Baada ya majadiliano marefu, kamati haikuiafiki barua hiyo. Nimeona nieleze sababu, kwa kuwa naamini mzee yule hayuko peke yake.

Ndugu msomaji, mzazi hujitenga na daftari la baiolojia kwa mambo mawili: lugha na haya.

Tuanze na lugha. Sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza, na mzazi aliyesoma darasa la saba na juzuu zake chuoni huona swali lile halimhusu. Mtoto naye hunakili majibu ya mwenzake usiku, asubuhi yakasahihishwa, asijue alichoandika. Hata hivyo, aghalabu jibu limo ndani ya nyumba. Swali likiwa kwa nini malaria ni nyingi bondeni kuliko milimani, mwache mtoto alitafsiri kwa Kiswahili mbele ya babu yake Msambaa. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa Kijerumani Robert Koch aliandika kwamba watu wa milima ya Usambara walijua kuwa wakishuka tambarare huumwa na mbu na kupata homa, na ugonjwa wenyewe wakauita mbu. Sayansi imeongeza sababu: kimelea cha malaria huhitaji joto ili kikue ndani ya mbu, na baridi ya milimani hukichelewesha au kukizuia kabisa. Mzee ana nusu ya jibu, na mwanafunzi ana nusu ya pili.

Wala baiolojia si habari ya mbali na Korogwe. Kati ya mwaka 2009 na 2014 mji huu ulikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoifanyia majaribio chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto zaidi ya 15,000. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Mama aliyempeleka mwanawe katika majaribio yale ana la kumweleza mwanafunzi wa somo la kinga ya mwili.

Sasa tuje kwenye haya, ambayo ndiyo iliyomleta mzee kikaoni. Haya ni sehemu ya imani, na hakuna aliyebisha hilo. Lakini fikirini binti huyo anasoma nini madrasa. Katika Safina, kitabu ambacho madrasa nyingi za mwambao huanzia, amefundishwa alama za balehe. Amefundishwa kwamba muda mchache kabisa wa hedhi ni usiku na mchana mmoja, kwamba aghalabu ni siku 6 au 7, na kwamba mwisho wake ni siku 15. Amefundishwa kuwa tohara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Asipoyajua hayo, hatajua lini aache swala na lini aoge. Mwalimu wa baiolojia anamweleza yanayotokea ndani: ukuta wa mji wa mimba hujiandaa, yai hutoka, na lisiporutubishwa ukuta ule hubomoka ikatoka damu, na mzunguko wote kwa wastani ni siku 28. Fiqhi inampa hukumu ya damu ile, na baiolojia inampa chanzo chake. Itakuwaje la kwanza liwe ibada na la pili liwe aibu?

Ummu Sulaym (RA) alimwendea Mtume (SAW) akamuuliza kuhusu mwanamke anayeota ndotoni, je, naye anaoga? Mtume (SAW) alimjibu waziwazi, akaongeza kuwa ndiyo sababu mtoto hufanana na mama yake. Naye Bi Aisha (RA) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao.

Kisha tujiulize swali gumu zaidi. Tunapowapeleka wake zetu kujifungua, tunatamani wapokewe na mkunga mwanamke, mwenye staha, anayejua mipaka yetu. Atatoka wapi mkunga huyo, ikiwa mabinti zetu wanarudisha ukurasa mtupu wa baiolojia kwa amri ya baba zao? Kuacha swali ni kupoteza alama, na alama za somo hilo ndizo mlango wa uuguzi na utabibu. Tukiufunga mlango huo wenyewe, tusilalamike wodini.

Haya inalindwa kwa adabu ya kufundisha. Kamati iliafikiana kwamba baina ya Maghrib na Isha, siku mbili kwa wiki, wanafunzi wa sekondari waje madrasa na madaftari yao. Mabinti wakae na ustadhati, wavulana na ustadhi, kila kundi mahali pake. Nyumbani, mama amsimamie binti na baba amsimamie mwana. Na mtoto aandike shuleni jibu la somo alilofundishwa. Aya za Qur'ani kuhusu kuumbwa kwa mwanadamu azisome kwa mazingatio, asizifanye mbadala wa kusoma.

Wazazi wenzangu, usiku wa leo mwombeni mtoto afungue daftari lake la baiolojia na awasomee swali kwa Kiswahili. Msilolijua, mwambieni akamuulize mwalimu, kisha arudi awafundishe.

Wabillahi tawfiq.