Jina la Mnyama wa Bukini

Nilipomwona kwa mara ya kwanza, kisiwani Réunion, nilipaza sauti: kalunguyeye! Miiba anayo, pua ndefu, ila mkia hana. Mwenyeji wangu alicheka. "Huyu ni tangue, twamla kwa mchuzi."

Asili yake ni Bukini, na Wamalagasi humwita trandraka. Wafaransa walilisikia kwa masikio yao, wakaandika mara tanrec, mara tenrec, na hilo ndilo lililobaki vitabuni. Mwaka 1778 Schreber alimweka katika jamii ya kalunguyeye, kosa lile lile nililofanya mimi. Kumbe nasaba yake i karibu zaidi na sange, hata tembo!

Nilimwonea huruma. Karani wa shule aliandika jina langu alivyolisikia, na hati zangu zote zimemfuata yeye, si babu aliyenipa.