Jibu Tamu Mno

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Uganda. Ninasomea kompyuta, na Kiswahili ninajifunza jioni. Muhula uliopita niliandika programu kwa lugha ya Go ili kupima gharama ya kuita fanksheni ndogo mara milioni 100. Jibu lilitoka dogo ajabu, kana kwamba kuiita ni bure. Nilifurahi, nikaandika ripoti.

Usiku wa kuamkia siku ya kuiwasilisha, shaka iliniingia. Nilijenga programu upya kwa kuongeza -gcflags=-m, ili kompaila ieleze maamuzi yake. Kumbe ilikuwa imeuchukua mwili wa fanksheni yangu na kuupachika pale pale inapoitwa. Basi nilikuwa nimepima nini?

Dawa ni mstari mmoja juu ya fanksheni: //go:noinline. Niliuandika, lakini matokeo hayakubadilika. Nilihangaika hadi saa nane usiku, ndipo nikaona kosa: nilikuwa nimeacha nafasi baada ya zile alama mbili za mshazari. Kwa nafasi hiyo moja, agizo hugeuka kuwa maelezo ya kawaida, na kompaila hulipuuza. Nilipoiondoa, muda uliongezeka mara kadhaa.

Niliifuta ripoti ya kwanza, nikaandika nyingine. Haikuwa ya kujivunia, ila ilikuwa ya kweli. Mhadhiri aliniuliza nilijuaje kwamba nimekosea.

"Mwalimu," nilimjibu, "jibu lilikuwa tamu mno."